Mlio Usioshuka

Sogeeni. We uliyekaa mlangoni, ingia na uurudishie huo mlango, upepo wa Ibaba hauna adabu. Simu zilale kifudifudi. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii inataka masikio. Ilianza na sikio, na kama sikio la mwanamke mmoja lisingekuwa kali siku ile, kuna mtu amekaa hapa kati yenu asingezaliwa. Simtaji. Atajijua mwenyewe.

Haya. Kimya.

Kwanza walikuwa kuku.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kumi, kiangazi kilikuwa kimebana mpaka viazi vinachimbwa vimejikunja kama vidole vya mzee. Kuku wa mama Enesi walikuwa na mahali pamoja tu pa kushiba: migombani, nyuma ya jiko, yanakotiririkia maji ya kuogea. Pale hapakauki mwaka mzima. Basi asubuhi moja kuku wakafika ukingoni mwa kivuli cha migomba, wakasimama. Wote, jogoo na matetea, na vifaranga nyuma ya mama yao. Mguu mmoja juu, shingo imenyooka. Enesi akawarushia pumba katikati ya migomba. Hawakwenda. Pumba zililala pale mpaka jioni, na hata sisimizi hawakuzigusa.

Enesi aliona. Akatazama kile chuma kilichosimikwa jana yake katikati ya migomba, akafunga mdomo. Hilo ndilo kosa lake, na alikuja kulilipa mwenyewe, kwa hiyo msimhukumu mapema.

Chuma alikisimika mwanawe, Gibson, jana yake, mama akiwa amekwenda kutazama mgonjwa Itumba. Gibson alikuwa fundi redio, mtu mrefu, mpole, wa kuongea kidogo. Nyumbani walikuwa wanne: yeye, mama yake Enesi aliyekuwa mjane, mke wake Tusekile, na binti yao Ruti wa miaka minane. Tusekile alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya mimba hiyo, miaka minne nyuma, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Hiyo shikeni, nitairudia.

Sasa redio. Mjomba wa Gibson, Efraimu, alikuwa mpiga telegramu Tunduma, enzi za telegramu. Alijua kuongea kwa vidole, kwa mipigo mifupi na mirefu, haraka kuliko wengine wanavyoongea kwa ulimi. Na alikuwa na kibali cha kuwa na redio yake ya kuzungumza na dunia, bila mshahara, kwa kupenda tu. Wapenzi wa namna hiyo wako kila nchi. Wakati fulani walichangishana, wakatengeneza setilaiti ndogo, sanduku lisilozidi debe, ikarushwa juu ikawa inazunguka dunia na kubeba sauti zao. Efraimu akiwa uani kwake Tunduma alizungumza na mwanamke wa Brazili, akamwambia kwao mvua inanyesha. Habari hiyo ya mvua ya Brazili aliisimulia mpaka anakufa.

Baada ya miaka sita ile setilaiti ikanyamaza. Betri. Wenzake kote duniani wakaisahau. Efraimu hakusahau. Aliiita mgonjwa.

"Mgonjwa hajafa," alimwambia Gibson siku zake za mwisho. "Betri ndizo zimeoza, zinammezea umeme wote. Siku betri zikikatika kabisa, jua likimpiga ataamka. Ataamka juani, kwenye kivuli cha dunia atalala. We mwite tu, mwanangu. Kila akipita, mwite."

Akamwachia redio, antena, na daftari lenye saa za kupita kwake.

Gibson aliita miaka miwili. Kila Jumamosi alishuka Itumba na betri ya gari mgongoni, kwenye mashine ya kusaga ya Andongwisye, kuichaji. Andongwisye hakumwacha apite hivihivi.

"Baba Ruti, mgonjwa wako vipi? Joto limeshuka?"

"Bado amelala."

"Mpelekee uji."

Watu wote kwenye foleni ya mahindi wanacheka. Gibson naye anacheka, anapokea betri yake, anapanda mlima.

Shida ilikuwa mikwaruzo. Redio ya namna ile inataka waya mmoja uende ardhini, kwenye chuma kilichozama mahali penye unyevu. Ardhi kavu haisaidii. Na kiangazi kile, unyevu ulikuwa wapi? Nyuma ya jiko, migombani. Gibson akachukua nondo ya futi sita, akaigongelea pale na nyundo mpaka ikabaki shubiri moja juu, akafunga waya, akauingiza dirishani. Mikwaruzo ikakatika. Redio ikawa kimya kama kisima.

Kesho yake ndiyo ile siku kuku waliposimama.

Saa nne asubuhi, saa ya mgonjwa kupita kwa mujibu wa daftari, Gibson akakaa kwenye kiti, akaita kwa kibonyezo kama siku zote. Nje ukungu ulikuwa haujainuka. Na kitu kikamjibu.

Mlio mwembamba, safi, karibu. Refu, fupi. Fupi, fupi. Fupi, fupi. Refu. Fupi.

Akaandika herufi moja moja kwenye daftari la mjomba. N. I. I. T. E. Niite.

Alitoka nje machozi yanamtiririka. Tusekile alikuwa anapeta maharage.

"Mama Ruti, ameamka."

"Nani?"

"Mgonjwa. Ameamka, na anaongea Kiswahili."

Tusekile akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Amejifunzia wapi?"

"Labda mtu wa Dodoma au Nairobi anampitia, anatania. Ndiyo kazi yake kubeba sauti za watu." Akafuta uso. "Mjomba angekuwepo."

Tusekile akamfurahia mumewe. Miaka miwili ya kuchekwa mashineni siyo mchezo.

Siku ya pili ikaja tena. Refu, fupi. Siku ya tatu kikauliza: wewe nani. Sasa, kati ya watu wa redio kuna adabu yao. Ukijibiwa, unajitambulisha, unasema uko wapi, unasema na habari za nyumbani. Asiyefanya hivyo anaonekana hana malezi. Gibson akajitambulisha. Gibson, Ibaba, Ileje, Tanzania. Kikauliza: mko wangapi. Gibson akagonga kwa heshima zote: tuko wanne, na wa tano yuko njiani.

Halafu: niite.

Jioni ile Tusekile aliacha kula.

"Huyu mtoto leo anacheza vibaya," akamwambia mama mkwe.

"Vibaya vipi?"

"Hachezi kama mtoto. Anagonga. Anagonga, anapumzika, anarudia vilevile."

Enesi akaweka chini bakuli lake. "Atakuwa na kwikwi, mwanangu. Hata baba yake alikuwa nazo tumboni."

Lakini usiku huo hakulala, alikaa jikoni na moto. Harufu ilikuwa imeanza kuingia kutoka migombani. Mnaijua harufu ya maziwa ya mama yakichachia kwenye nguo? Ndiyo hiyo, na juu yake harufu ya chuma kilicholowa.

Tusekile alizaliwa Tunduma, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu, yanakopanga foleni malori ya kwenda Zambia. Alipokuwa mtoto aliweza kusema bila kutoka nje kama lori linakuja au limeshapita. Lori likija na honi, mlio uko juu. Likishakupita, mlio unashuka. Watoto wote wa barabarani wanajua, wanaigiza na midomo.

Siku ya sita saa nne, akaingia kwenye chumba cha redio, akasimama nyuma ya kiti. Gibson alikuwa ametoa vile vya masikioni, anasikiliza kwa spika. Mlio ulikuwa unajaza chumba. Refu, fupi. Fupi, fupi. Tusekile akasikiliza dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi, mkono ameuweka kiunoni, na kadiri alivyosikiliza ndivyo baridi ilivyompanda kutoka kwenye nyayo, kwa sababu ile sauti ilikuwa palepale, haijapanda wala haijashuka hata kwa unywele.

Akainama karibu na sikio la mumewe. "Baba Ruti. Huyo mgonjwa si unasema anakimbia?"

"Anakimbia kuliko ndege. Anatokea kaskazini, anazama kusini, robo saa amemaliza."

"Mbona mlio haushuki?"

Gibson akapinda kichwa kuelekea spika.

"Kinachopita kinashuka," akanong'ona. "Hiki hakipiti. Hiki kimekaa."

Ndipo Gibson akafungua daftari kwenye ukurasa aliokuwa ameusoma siku ya kwanza na kuufunika kwa dole gumba kwa furaha. Mwandiko wa Efraimu, wino wa bluu: Akija mlio uko juu, akiondoka unashuka. Usiposhuka siyo yeye.

"Nilisema ni ugonjwa," akasema taratibu. "Nilisema amelala miaka mingi, atakuwa hajapata nguvu."

"Kiko wapi?"

"Sijui."

"Naenda kuutoa ule waya wa migombani. We sikiliza."

Akatoka. Kuku walikuwa wamesimama ukingoni, mguu mmoja juu. Akapita katikati yao akaingia kivulini, akaona kwamba udongo kuzunguka kile chuma umelowa kuliko siku zote, unameremeta, unainuka na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Akashika waya, akaufungua.

Ndani ya nyumba mlio ukakatika.

Gibson akachungulia dirishani, uso umepauka. "Umenyamaza," akasema.

Tusekile alikuwa hajaondoka pale. Alikuwa amejiinamia, mikono yote miwili tumboni. "Haujanyamaza," akasema. "Njoo. Weka mkono."

Gibson akaja mbio mpaka ukingoni mwa kivuli, akasita pale waliposita kuku, kisha akaingia, akaweka kiganja juu ya tumbo la mke wake, na mtu yule ambaye vidole vyake vilifundishwa na mpiga telegramu kusoma mipigo kabla kichwa hakijafikiri, akasimama pale kwenye harufu ya maziwa yaliyochacha, akasoma kwa kiganja, kupitia kitenge na ngozi ya mkewe, refu, fupi, kisha mbili fupi, kisha mbili fupi tena, na moja refu, na ile fupi ya mwisho iliyomgonga katikati ya kiganja kwa upole kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mbwa.

Akarudi ndani kuchukua nyundo.

"Weka hiyo," Tusekile akasema kutoka mlangoni.

"Naivunja."

"Huvunji. Mjomba aliiacha kwa ajili ya mgonjwa wake, hakuiacha kwa ajili ya hiki. Ukivunja redio tumeshakipa redio. Kesho kitataka chumba, keshokutwa tuhame. Mimi sivunji kitu, sihami, na mimba yangu sigawi. Kaiweke nyundo."

Akaiweka.

Andongwisye, yule wa utani, ndiye aliyemleta mganga. Alisikia habari mashineni, hakucheka. Kulikuwa na Msukuma mmoja, Luhende, mfugaji kutoka bondeni Momba, aliyekuwa amepandisha ng'ombe kuuza Itumba. Watu walisema anajua majini kuliko anavyojua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa nao mia mbili. Akaja na fimbo yake na kibuyu, akakaa jikoni, akakataa chai.

Akamtazama Tusekile muda mrefu. "Mtoto wako mwenyewe, yule anayecheza ovyo, umemsikia lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Na huyu anayegonga?"

"Haachi."

Luhende akaguna. "Hiki hakina kwao. Kinatembea kikitafuta penye kitanda bila mwenye kitanda. Kimekuta. Juu yake kimekuta chuma, hicho ni mlango. Na kimekuta mtu mzima anakaa kwenye kiti kila asubuhi anaita njoo, njoo. Mngekuwa nyie msingekuja?"

Hakuna aliyecheka.

"Kinataka kuitwa. Siku mkimwita mtoto jina, kitaitika chenyewe. Kitazaliwa badala yake. Mtalea, kitanyonya, mtashangaa macho yake." Akageukia redio. "Leteni hiyo tuichome. Na nyumba hii muiache mpaka mvua zipite mara mbili."

"Hapana," Tusekile akasema.

"Dada yangu, mimi sibembelezi. Una siku mbili, au tatu."

"Na mimi sikubembelezi, kaka. Umesema kimekuta kitanda bila mwenyewe. Kitanda gani?"

Luhende akaanza kutabasamu kidogo, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mzuri kwa bahati. Akatoka mpaka ukingoni mwa migomba, akanusa, akarudi. "Ameuliza vizuri kuliko mimi," akasema. "Chuma kimesimama juu ya nani?"

Gibson akasema hakuna mtu pale, makaburi yote yako juu karibu na kanisa.

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo mnapaswa kuelewa desturi yetu. Mtoto asiyelia hazikwi na wanaume. Hana jina, hana jeneza, haliliwi. Wanawake wawili wanamchukua alfajiri, wanamlaza mahali pasipokauka, ili tumbo la mama lisikauke. Baba haambiwi ni wapi. Mama naye haambiwi, asije akakaa pale. Wanaojua ni wale wawili, wanazeeka nalo. Ndiyo maana Gibson, akitafuta ardhi yenye unyevu, hakuwa na namna ya kukosea. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe.

Enesi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akavua kilemba, akakiweka mapajani.

"Ni mtoto wenu," akasema. "Yule wa miaka minne iliyopita. Binti. Tulimlaza sisi wawili, mimi na jirani. Nilikiona chuma siku ileile. Nikasema nikifungua mdomo nimevunja mwiko, mimba itaharibika. Nimenyamaza, na mimba imeharibika kwa kunyamaza kwangu."

Tusekile alimtazama mama mkwe. Mimi niliyekuwepo nilidhani atamrukia. Akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Kama za Ruti."

Kifuniko cha sufuria kikaanza kugonga chenyewe, refu, fupi.

"Haijaharibika bado," Tusekile akasema, akajiinua kwa kushika ukuta. "Apewe jina. Kitanda kiwe na mwenyewe."

"Jina la nani?" Luhende akauliza. "Jina tupu la kuokota halitashika. Linataka lililokwisha kuishi, lenye uzito."

"Langu," Enesi akasema.

"Mayu, mama yangu, sikia. Mtu hai akimpa jina lake aliyelala, amempa na nafasi. Hutakaa sana."

"Nimelala chini miaka sitini na nane, kijana. Nimeshazoea ardhi. Mletee jirani jembe."

Saa nne ilikuwa imekaribia. Luhende alisema kimezoea kuitwa saa ile, basi kiitwe saa ile kisikie. Waya ukarudishwa. Enesi na jirani yake wakaenda migombani na jembe, Luhende akakishika chuma kwa mikono miwili. Gibson akakaa mbele ya redio, na Tusekile akavuta kigoda ubavuni mwake, akamnyang'anya maiki.

"Mimi sijui vipigopigo vyenu," akasema. "Nitakisemesha kwa mdomo."

Mlio ukaja kabla Gibson hajaita. Palepale, haupandi, haushuki. Niite.

"Nakusikia," Tusekile akasema kwenye maiki. "Mimi ndiye mama mwenye nyumba. Unasema tukuite. Hatukuiti. Ulipolala pana mwenyewe. Anaitwa Enesi. Enesi binti Gibson, mtoto wangu wa pili, mwenye nywele nyingi. Nimemzaa mimi. Hakulia, mimi nitalia kwa niaba yake. Toka kitandani kwa mtoto."

Migombani Enesi akaita jina lake mwenyewe kuelekea ardhini, mara tatu, na mara ya tatu akaanza kulia ile sauti ya msibani, sauti kamili, iliyokuwa imezuiwa miaka minne, na jirani akaipokea, na majirani wa ng'ambo ya bonde ambao hawakujua kumetokea nini waliposikia wakaipokea nao, kama ilivyo desturi.

Kitu kile kikakasirika. Mlio ukaongeza kasi, niite niite niite, na kila kilichokuwa na uwezo wa kugonga kikagonga, vifuniko, mabati ya paa, kuku wote wakadonoa ardhi kwa pamoja kwa mpigo mmoja, Ruti alikuwa amejikunyata chini ya meza na meno yake yakaanza kugongana refu, fupi, asiweze kuyazuia, na Gibson akasikia moyo wake mwenyewe ukiacha mwendo wake na kufuata ule, na jina alilokuwa ameliweka moyoni kwa ajili ya mtoto anayekuja, jina ambalo hakumwambia mtu, likampanda kooni lenyewe kama tapishi, likafika kwenye meno, na mkewe akaona mdomo wake unafunguka, akaushika kwa mkono wake wa kushoto, akaubana na taya na pua na vyote, na kwa mkono wa kulia hakuachia maiki.

"Hata yeye hatakuita," akasema kwenye maiki. "Tumbo hili lina mtu. Kitanda kina mtu. Kiti kina mtu. Pita."

Nje Luhende akavuta. Chuma hakikutaka. Jirani akapiga jembe pembeni, mara moja, mara mbili, udongo ukatoa pumzi ndefu yenye harufu ya maziwa, na chuma kikatoka chote, futi sita, cha moto kama kimetoka kwa mhunzi.

Waya ukawa haushiki ardhi tena, lakini ndani mlio haukukatika mara hii. Tusekile akakaza sikio. Akamwachia mumewe mdomo.

"Sikia," akanong'ona.

Ulikuwa unashuka. Polepole, kama lori zito linaloacha mji, ukashuka, ukawa mnene, ukawa mzito, ukasogea upande wa bonde, upande wa mbali, ukashuka mpaka chini ya kusikika. Kifuniko cha sufuria kikatulia. Jogoo akaweka mguu chini.

Tusekile akashtuka, akaweka mkono ubavuni. Teke. Moja, la ovyo, halafu jingine upande usiohusika, halafu kimya, halafu mawili. Gibson akaweka kiganja, akasubiri, akajaribu kusoma.

"Linasemaje?" Tusekile akauliza.

"Halisemi kitu." Akaanza kulia. "Halisemi kitu kabisa."

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, mvua kubwa, akalia mpaka Andongwisye akasema amesikia kutoka mashineni. Wakamwita Isaka, na aliyeitika kwa kulia alikuwa yeye.

Chuma kipya Gibson alikisimika karibu na bomba la maji, na kabla ya kupiga nyundo ya kwanza alizunguka nyumba nne akauliza akina mama wote, mmoja mmoja, kama kuna mtu amelala pale. Walimcheka. Akauliza tu. Mwezi wa sita, asubuhi ya jua kali lisilo na wingu, akamwita mkewe kwa mkono bila kusema. Kwenye spika kulikuwa na mlio mdogo, dhaifu, umejaa mikwaruzo, unatoa herufi zake na tarakimu za betri zake kama mzee anayehesabu dawa. Haukuita mtu. Haukuuliza lolote. Na kadiri ulivyosema ndivyo ulivyoshuka, ukashuka, ukazama kusini.

"Anapita," Tusekile akasema.

"Anapita," Gibson akajibu.

Jumamosi iliyofuata alifika mashineni, akamwambia Andongwisye kwamba mgonjwa amekunywa uji.

Mama Enesi aliondoka mwaka uliofuata, usingizini, kama alivyoambiwa. Shamba la viazi la juu alimwachia Ruti. Blanketi na kigoda alimwachia Tusekile, na ule ukimya wake akakataza mtu asiurithi: tangu siku ile, hapa Ibaba, mama anaambiwa mtoto wake amelala wapi, na baba pia. Daftari la Efraimu liko kwa Ruti, anafundishia hesabu huko Vwawa. Redio ni ya Isaka, huyo anayejifanya anatazama moto. Chuma Luhende alikibeba mwenyewe mpaka Momba na hakusema amekifanya nini.

Migomba ni ya Enesi mdogo. Anayekwenda kukata ndizi pale anamwita kwanza kwa jina, anasubiri kidogo, ndipo anakata. Mpaka leo hakuna kilichoitika.

Na jembe nimelirithi mimi, kwa sababu mara zote mbili ni mimi jirani niliyelishika. Liko nyuma ya mlango huo. Kikiitika, mnajua pa kunipata.